Kamati ya Uzinduzi wa Kitabu Kisichokuwepo

Duka ninalofanyia kazi liko Majengo, Songea, katikati ya muuza vipuri vya pikipiki na mama mmoja anayeuza vitenge. Tunatoa fotokopi, tunachapa barua za kuomba kazi, tunavisha vyeti vya watu plastiki. Upande wa kulia wa mlango nilipigilia kipande cha plaiwudi, nikakiandika kwa kalamu nene: HABARI ZA WAANDISHI NA WAPENDA VITABU. Hakuna aliyenituma. Nilifanya hivyo kwa hasira, kwa sababu kila shindano la hadithi nilikuwa nalisikia wiki mbili baada ya kufungwa, na kila mchapishaji aliyetangaza kupokea miswada alikuwa ameshaacha kuipokea tangazo lilipofika kwetu. Nikasema basi, habari hizo nitazitafuta mimi na kuzibandika hapa, ili atakayechelewa achelewe kwa uvivu wake mwenyewe.

Ubao ukazaa kundi la simu. Kila Ijumaa mchana, mashine ikiwa inapoa, ninaandika ujumbe mmoja mrefu: nani anapokea riwaya, nani anapokea mashairi, semina iko wapi, tarehe ya mwisho ni lini, na vitabu gani vya mitumba vimeshushwa na basi la Dar es Salaam. Watu wakajaa. Kuna manesi, kuna askari mmoja anayeandika tenzi, kuna mfanyabiashara wa korosho wa Tunduru anayependa hadithi za upelelezi, ambaye kila akipita mjini ananigongea kaunta na kusema, "Asalaam aleikum, kuna jipya?" kabla hata hajatua begi. Wengi wao nawapenda. Washairi wananichosha, maana kila habari wanaiuliza mara tatu halafu wanaijibu kwa beti.

Jambo ambalo sikuwaambia ni kwamba na mimi naandika. Nilikuwa na kurasa arobaini na moja za riwaya. Katika ukurasa wa arobaini na moja kuna mwanamke amesimama mlangoni na ndoo ya maji kichwani, na alikuwa amesimama hapo miaka miwili kwa sababu sikujua akiingia ndani atamkuta nani. Kila Ijumaa nilikuwa nawaelekeza wenzangu pa kupeleka kazi zao, kisha narudi nyumbani Mfaranyaki, namwangalia yule mwanamke na ndoo yake, nafunga kompyuta, nalala. Iliniuma kuliko nilivyotaka kukubali.

Sasa nije kwa mwalimu. Ni mzee mstaafu wa kijiji cha Maposeni, Mngoni, Mkatoliki wa kwenda misa ya kwanza, lakini maisha yake ya kazi yote aliyamalizia Tunduru, kwenye shule moja ya kijijini kati ya mashamba ya mikorosho. Siku moja alisoma kwenye ubao wangu kwamba mchapishaji fulani wa Dar anapokea riwaya hadi mwisho wa mwezi. Wiki iliyofuata akaja na mfuko wa mbegu za mahindi, na ndani ya mfuko kulikuwa na kaunta buku sita, yale madaftari makubwa ya jalada gumu, zimejaa mwandiko wake wa ubaoni, mstari kwa mstari. Ilikuwa riwaya kuhusu mwalimu aliyepangiwa kazi Tunduru. Alisema mhusika huyo si yeye. Hakuna aliyemwamini, hata mimi.

"Mwanangu," aliniambia, "mimi mashine siijui. Nichapie, kisha uwapelekee. Wewe ndiye unayewafahamu."

Siwafahamu wachapishaji hata mmoja. Nasoma matangazo yao kama mtu mwingine yeyote. Lakini dukani kulikuwa na wateja watatu wanasikiliza, na nilipenda jinsi alivyosema kwamba ninawafahamu, nikaitika. Nikachapa kurasa kumi na moja. Kisha shule zikaleta mitihani ya muhula, rundo juu ya rundo, mashine ikawa hailali, na siku moja nikaangalia kalenda nikaona mwezi umekwisha tangu juzi.

Mwalimu alipokuja kuuliza, nilikuwa nimeinama nang'oa karatasi iliyokwama. Sikuinua kichwa. Nikasema, "Wanasoma, mwalimu."

Huo ndio uongo wa kwanza, na naomba uangaliwe ulivyokuwa mdogo. Neno moja na jina la heshima. Madaftari sita nikayatia kwenye droo ya chini, chini ya rimu za karatasi, nikijiambia nitayamaliza mitihani ikiisha. Mitihani ikaisha, zikaja fomu za mikopo ya wanafunzi, zikaja barua za harusi, ikaja tena mitihani. Yeye akawa anapita kila baada ya miezi miwili hivi, anasimama kando ya kaunta kwa adabu mpaka wateja waishe, anauliza. Wanasoma, mwalimu. Tena alikuwa anawatetea. "Wale ni watu wa kazi nyingi," alikuwa ananiambia, "tusiwasumbue." Kuna siku nilimchukia kwa upole wake huo. Angenigombeza ningesema kweli.

Miaka miwili ikapita hivyo. Ndipo ikaja ile Ijumaa ambayo sikuwa na habari yoyote. Hakuna shindano, hakuna semina, hata basi la Dar halikushusha vitabu. Watu wameshaanza kuuliza kundini, "Dada, leo vipi?" Nikakaa na simu mkononi, na sijui nini kilinipitia, nikaandika hivi: "Habari njema ya kwetu wenyewe. Mswada wa riwaya wa mwanachama mmoja wa kundi hili umekubaliwa na mchapishaji. Jina litatajwa wakati ukifika."

Nilijisema mimi. Nilitaka tu kuona sentensi hiyo inavyoonekana ikiwa imeandikwa, kama mtu anavyojaribu gauni dukani huku akijua hatalinunua. Sikudhani itamdhuru mtu. Pongezi zikaanza kumiminika, washairi wakatunga, watu wakaanza kubahatisha ni nani, na mimi nikakaa nyuma ya kaunta nikizisoma kwa raha ambayo naionea aibu mpaka leo.

Baada ya nusu saa ukaja ujumbe wa mwalimu, si kundini, kwangu peke yangu. Yeye huandika ujumbe wa simu kama barua, pamoja na salamu na nukta. "Mwanangu, salaam. Nimeiona habari. Nimeelewa kwa nini hukunitaja jina, umenisitiri mpaka mambo yakamilike. Nimemwambia mama hapa nyumbani, amelia. Mungu akubariki."

Nilisimama. Mashine ya fotokopi ilikuwa inatoa cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa mtu, nakala baada ya nakala, nilikuwa nimebonyeza namba vibaya. Niliandika, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Mwishowe nikamjibu neno moja: "Amina."

Pengine kwa watu wengine mtu akipata mchapishaji hupewa mkono wa hongera, yakaisha. Kwetu furaha isiyo na kamati haijawa furaha. Jumatatu asubuhi yule mama wa vitenge, jirani yangu wa ukuta mmoja, aliingia dukani na daftari la mihutasari kwapani. Naye kwao ni Maposeni, na yumo katika jumuiya moja ya kanisani na mwalimu. Alinitangazia kwamba kamati ya uzinduzi imeundwa jana baada ya misa, mwenyekiti yupo, mhazini yupo, katibu ni yeye.

"Na wewe tumekuchagua mjumbe," alisema. "Wewe ndiye uliyeleta habari. Jumapili ijayo kikao, nyumbani kwa mwalimu, saa sita. Usichelewe, mwenyekiti hapendi."

"Mama, lakini kitabu bado hakijatoka."

"Hata harusi kamati inakaa bwana harusi hajanunua suti," alisema. "Tunajiandaa."

Nilikwenda kikao cha kwanza nikiwa nimeshika nia ya kusema kweli. Naapa. Njia nzima nyuma ya bodaboda nilikuwa napanga maneno. Lakini nilipofika nilikuta viti vimepangwa uani, mwalimu amevaa koti, mke wake ananipokea kwa mikono miwili na kunikalisha karibu na mwenyekiti. Kikao kikafunguliwa kwa sala. Ajenda zilikuwa saba. Walibishana kama saa nzima kuhusu ndafu: je, kitabu kinakatiwa ndafu, au ndafu ni ya harusi peke yake? Mwenyekiti alisema hajawahi kuona mbuzi wa kitabu. Mhazini akasema hata kitabu chenyewe hatujawahi kukiona kutoka Maposeni, kwa hiyo hakuna desturi ya kuvunja. Ndafu ikapita. Keki ikapita bila ubishi, na iwe na umbo la kitabu kilichofunguliwa.

Ajenda ya nne ilikuwa sare. Katibu alitoa vipande vya vitenge kwenye mkoba, akavitandaza mapajani.

"Tunataka kinamama wafanane na jalada," alisema, akanigeukia. "Jalada litakuwa rangi gani?"

Watu kumi na wanne walikuwa wananiangalia, na mwalimu naye ananiangalia, maana hata yeye hakujua na alitaka kujua kuliko wote. Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Ningesema, jalada halipo.

"Kijani," nikasema.

"Kijani gani? Kuna kijani nyingi."

"Ya majani ya mkorosho."

Mwalimu alishusha uso, akaufunika kwa kiganja. Alikaa hivyo kitambo, mabega yake yakitikisika kidogo, na mke wake akamshika goti. Miaka yake yote ya Tunduru ilikuwa kwenye rangi hiyo. Kwa miaka miwili sikuwa nimeandika sentensi hata moja yenye maana, na hiyo ndiyo ikawa bora kuliko zote nilizowahi kutunga. Nilijisikia mchafu.

Tangu siku hiyo nikawa mfungwa wa kamati. Ukuta wetu na mama wa vitenge ni wa mbao nyembamba, ilikuwa nikikohoa anauliza, "Wamesema tarehe?" Nikaanza kupita mlango wa nyuma, kwenye uchochoro wa mafundi cherehani, na huko nikawakuta mafundi wanakata kijani. Waendesha bodaboda wa Mfaranyaki wakaanza kuniita mama kitabu. Niliitoa ile namba ya mchapishaji kwenye tangazo la zamani, nikapiga siku tatu, haikupokelewa. Siku ya nne alipokea binti mmoja akaniambia riwaya waliacha kupokea siku nyingi, sasa wanachapa vitabu vya kiada tu. Nikayatoa madaftari kwenye droo, nikachapa kurasa nne, nikaona upuuzi wa jambo lenyewe, nikayarudisha. Nilikuwa siwezi kula mchana. Kila nikifikiria kusema, niliona kwamba si uongo mmoja bali ni mitatu iliyofungana: habari haikuwa yake, ilikuwa yangu, na yangu nayo haikuwa kweli, na kitabu chake hakijawahi kutoka Majengo. Nisingeweza kufungua mmoja bila kumwaga yote.

Kikao cha tatu kilikuwa na mgeni. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na ushee, mzaliwa wa Tunduru, kofia nyeupe iliyofumwa kwa mkono, amekuja Songea kwa msiba wa shangazi yake na hakutaka kuondoka bila kumwamkia mwalimu aliyemfundisha darasa la tatu. Alimpigia magoti, "Shikamoo, mwalimu," kama vile bado yumo darasani, na mwalimu akamwinua. Tukaambiwa anafanya kazi Dar es Salaam, kwenye nyumba moja ya kuchapisha vitabu. Yeye si mhariri, ni mtu wa mitambo, lakini mhariri anamfahamu vizuri, wanakunywa chai pamoja kila siku.

Alipoambiwa kamati ile ni ya nini, alifurahi mpaka akasahau kukaa.

"Mwalimu, umeandika habari za Tunduru? Mhariri wetu kila siku ananiuliza, nyie watu wa kusini hamna waandishi? Nipe nakala. Naondoka Jumatano alfajiri. Alhamisi naiweka mezani kwake kwa mkono wangu, inshallah."

Nilikuwa nimeshika sahani ya karanga za kuchemsha. Mwalimu alicheka, akanyoosha mkono akauweka begani kwangu.

"Umechelewa," alimwambia. "Binti yangu huyu ameshanitafutia. Kimeshapata mwenyewe."

"Mashallah. Basi kilichopata mwenyewe hakiguswi," mgeni akasema. Akaniangalia kwa heshima. "Ahsante, dada, kwa kumwangalia mwalimu wetu."

Ningeweza kusema hapo hapo. Ilikuwa nafasi ya urefu wa kunywa glasi moja ya maji, hakuna aliyekuwa anazungumza, mkono wa mwalimu uko begani kwangu. Niliitazama sahani. Nikachukua karanga moja, nikaimenya. Mwenyekiti akakohoa na kusema twende ajenda inayofuata, maturubai.

Nimefanya makosa mengi katika maisha yangu, lakini mengi nilikuwa sijui ninalolifanya. Lile nililifanya nikiwa najua. Riwaya ya mtu imepata mlango mbele ya macho yangu na mimi nikaufunga kwa kumenya karanga.

Nilijiambia nitakwenda Maposeni Jumatatu. Jumatatu mwenye duka alikuwepo. Jumanne niliumwa kichwa, au nilisema naumwa. Nilikwenda Jumatano, saa nane mchana, wakati basi la alfajiri limeshaondoka. Sijui mpaka leo kama nilichelewa au nilijichelewesha. Madaftari sita niliyapakata ndani ya mfuko ule ule wa mbegu, na kila bodaboda ikiruka shimo niliyakumbatia, ingawa kuyakumbatia huko kulikuwa hakuna maana tena.

Mwalimu alikuwa peke yake uani anapukuchua mahindi juu ya turubai. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akanisogezea kigoda. Akaona mfuko. Alitabasamu kwanza, nadhani alidhani nimemletea vitabu.

Nilimwambia yote. Sikupamba na sikulia, nilikuwa nimejikataza kulia kwa sababu ningelia angenibembeleza, na hilo nisingelistahimili. Alisikiliza huku mikono yake ikiendelea na gunzi moja, punje zikidondoka, mpaka likawa tupu, na akaendelea kulizungusha likiwa tupu. Kisha akaliweka chini, akafungua mfuko, akayatoa madaftari moja moja akiyahesabu. Lile la juu lilikuwa na vumbi jeusi la wino wa mashine. Akalifuta kwa mkono wa shati.

"Hawakuwahi kuyaona?"

"Hawakuwahi, mwalimu."

"Hata ukurasa mmoja?"

"Hata mmoja."

"Na miaka yote miwili uliniambia wanasoma."

"Ndiyo, mwalimu."

"Nani alikuwa anasoma?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Nikamjibu kwamba hakuna, hata mimi sikuwa nimesoma zaidi ya zile kurasa nilizochapa. Nadhani hilo ndilo lililompiga kuliko yote. Mchapishaji wa Dar hakuwahi kumwona uso. Mimi alikuwa ananiona kila baada ya miezi miwili.

"Na huyo aliyekubaliwa?" aliuliza baadaye.

"Nilijisema mimi. Na mimi sijakubaliwa. Hata sijamaliza."

Kisha akatoa simu mfukoni, akampigia yule mwanafunzi wake. Nilisikia sauti ya basi upande wa pili. Walikuwa wameshapita Makambako. Nikafikiri, atamwambia, bado kuna njia, atamtumia kwa basi la kesho. Mwalimu akamuuliza safari inakwendaje. Akamuuliza kama amepata kiti cha dirishani. Akamtakia safari njema, akamwambia awasalimie wa nyumbani, akakata.

"Mwalimu, mbona hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Jumapili nilimwambia mbele za watu kwamba kina mwenyewe. Leo nimwambie mwalimu wake alikuwa anadanganywa miaka miwili na hakujua?" Alirudisha simu mfukoni. "Acha kwanza. Hilo siwezi leo."

Alichukua gunzi jingine. Nilisubiri anifukuze, hakunifukuza. Nilipoinuka kuaga ndipo alipozungumza tena, bila kuniangalia.

"Kamati utaiambia wewe. Mimi nitakuwepo, lakini utasema wewe."

Nilisema Jumapili hiyo, nimesimama, mbele ya watu wale wale kumi na wanne. Sikuacha kitu. Nilipomaliza, katibu aliendelea kuandika, na kwa kuwa nilikuwa karibu yake nilisoma alichoandika: Mjumbe alieleza kuwa kitabu hakipo. Alikipigia mstari chini kwa rula. Mwenyekiti akauliza kama kuna mengineyo. Hakukuwa na mengineyo. Mwalimu alikaa kikao chote na koti lake, mikono magotini, na watu walipoinuka walimpa mkono mmoja mmoja kama msibani. Mimi hawakunipa, na sikuutegemea.

Ndafu ilisamehewa maisha. Vitenge vilikuwa vimeshashonwa, na kinamama wa Maposeni si watu wa kutupa kitenge. Mpaka leo nakutana nacho Mfaranyaki sokoni, kijani ya majani ya mkorosho, kimebeba mtoto mgongoni au kimefunika beseni la maandazi. Mama wa vitenge alikaa miezi mitatu bila kunisemesha kupitia ukuta. Kundini niliandika masahihisho, kwamba hakuna mwanachama aliyekubaliwa, kwamba habari ile niliitunga mimi. Baadhi walijitoa. Mshairi mmoja aliuliza kama na lile shindano la tenzi nimelitunga. Nilimjibu hapana, ni la kweli, na tarehe ya mwisho ni hii. Nilistahili swali hilo.

Wiki ya tatu baada ya kikao, Jumatatu asubuhi, mwalimu aliingia dukani. Nilimwamkia nikiwa nimeshasimama. Alivuta kiti cha wateja akakileta upande wangu wa kaunta, akakaa, akatoa kwenye ule mfuko wa mbegu daftari moja. La kwanza. Akalifungua mbele ya kompyuta na kulibana na kibanio cha nguo ili lisijifunge.

"Tuanze," alisema.

Ndivyo tunavyofanya tangu siku hiyo, kila siku ambayo hana kazi ya shamba. Anakaa kando yangu tangu saa tatu, kiwiko chake kiko karibu na changu. Mteja akija nasimama kumhudumia na yeye anasubiri. Mteja akiondoka ananiangalia mpaka nirudi. Siwezi kujifanya nina mitihani ya kuchapa, maana anaiona kama ipo au haipo. Neno nisipoweza kulisoma nauliza, ananisomea. Kuna siku natamani kukimbia nitokee uchochoroni kwa mafundi cherehani. Hakuna anayenizuia, na siwezi kuondoka.

Kitabu chenyewe nimekisoma sasa, neno kwa neno, kwa vidole. Kuna sehemu ndefu mno kuhusu wakaguzi wa elimu ambazo ningezikata zote. Lakini kuna sura ya msimu wa korosho ambayo darasa zima linatoroka kwenda kuokota, na mwalimu anawafuata shamba kwa shamba na fimbo mkononi, na ikifika jioni ameitupa fimbo na yeye anaokota, kanzu aliyoazimwa na imamu imejaa korosho pindoni. Nilipoichapa hiyo nilicheka kwa sauti. Akageuka haraka.

"Ukurasa gani?"

Nikamwonyesha. Akausoma mwenyewe, taratibu, midomo ikicheza, na nikaona anazuia tabasamu. Hilo ndilo tabasamu pekee nililopata kutoka kwake. Akasema niendelee.

Tuko daftari la nne. Yule mwanafunzi wake bado hajaambiwa kitu. Mwalimu anasema atampigia tukimaliza, kisha anasema labda, kisha hasemi. Mhariri yule anaweza kuwa ameshapata watu wengine wa kusini. Ndiyo maana juzi, ilipofika saa kumi na akaanza kukusanya vitu vyake, nilimwomba aniachie daftari.

"Nina nafasi jioni, mwalimu. Nikibaki nalo, mwezi huu huu tutakuwa tumemaliza."

Alitoa kibanio, akakitia mfukoni. Akalifunga daftari, akalisukuma ndani ya mfuko mpaka likazama, akaukunja mdomo wa mfuko mara mbili.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Naondoka nalo."